Flashi Mfukoni mwa Baba Mkwe

Ninyi vijana mnaotengeneza simu na kompyuta pale karibu na stendi ya Tukuyu, huwa nawatazama nikipita. Mteja anawapa flashi, mnaichomeka papo hapo kwenye tundu la mbele huku mnaongea na mtu mwingine na macho yenu yako barabarani. Moyo hunipiga. Wajukuu zangu wananicheka, wanasema bibi anaogopa kompyuta ilhali kompyuta ndizo zilizomlisha. Ni kweli naogopa. Nimeogopa tangu siku niliyofungua boksi la kwanza mpaka siku niliyofunga kibanda changu cha ufundi na kurudi kulima migomba. Nyie hamuogopi chochote, na ndiyo maana nataka tukae kidogo tuzungumze.

Sikuanza na kompyuta. Nilianza kama mpiga chapa kwenye duka la Mzee Sefu, pale sokoni. Mzee Sefu alikuwa fundi redio. Wazazi wake walitoka pwani, yeye akazaliwa huku huku kwenye baridi yetu, lakini Kiswahili chake hakikuwahi kuhama pwani. Wakati huo milango ya biashara ilikuwa imeshafunguliwa. Vitu ambavyo zamani ulivipata kwa kibali na kwa kujuana, sasa vilikuwa vinashushwa kwenye mabasi kila siku: redio, majiko, mitumba, pasi za umeme. Na watu nao walikuwa wanashushwa kazini. Kila aliyepunguzwa alifungua kitu, huyu duka, yule mashine ya kusaga, mwingine steshenari. Ndipo zikaanza kuja kompyuta. Nyingine zilikuja zimeshatumika huko ughaibuni, na nyingine zilikuja vipande vipande kutoka Kariakoo, uzifunge mwenyewe.

Mzee Sefu alileta vipande vya kwanza kwenye gunia, vimezungushiwa magazeti. Akaniita kwa jina langu, "Tumpe, mwanangu, acha kuchapa, njoo tuufunge mnyama huyu." Nilimwambia mimi ni mpiga chapa tu. Akasema, "Nami ni fundi redio tu. Tutakuwa wawili tusiojua, hiyo ni afadhali ya mmoja."

Alinifundisha nisiguse chochote kabla sijanusa. Msicheke. Ukifungua kompyuta inayosumbua, weka pua yako karibu na uvute pumzi, maana kitu kilichoungua kina harufu yake na haikai sana. Ukishanusa, tazama kwa tochi. Ukishatazama, ndipo unyooshe mkono. Ninyi mnaanza na mkono, halafu mnaenda kusoma kwenye simu zenu kwa nini moshi umetoka.

Baadaye, flashi zilipoanza kuja, alinifundisha pia kuwa na flashi ya kafara. Hiyo ni flashi yako mwenyewe, haina kitu ndani, ikifa hakuna anayelia. Tundu lolote usilolijua, kafara ndiyo inayoingia kwanza, ya mteja inafuata. Mimi yangu niliifunga na uzi mwekundu, ikakaa kwenye mkoba wangu miaka na miaka pamoja na bisibisi na mita ya kupimia umeme.

Kompyuta iliyofungwa upya ina ugonjwa wake wa kutotambua vitu, na wengi wenu mkiona hivyo mnakimbilia kufuta mfumo wote na kuupandisha upya. Niliwahi kufanya hivyo kwa mashine ya mchungaji mmoja wa Masukulu. Kila akichomeka printa, kimya. Nikafuta, nikapandisha mfumo, kimya. Nikafuta tena. Mchungaji alikaa kwenye benchi akiniangalia kwa huruma, nadhani alikuwa ameanza kuniombea. Mzee Sefu akaja na kile kioo kidogo cha wanawake cha kujipakia wanja, sijui alikitoa kwa mke wake yupi, akakitega nyuma ya boksi na kumulika na tochi. Ile sahani ya bati inayokaa nyuma, yenye matundu, ina vijilimi vidogo. Kijilimi kimoja, badala ya kukaa juu ya tundu, kilikuwa kimeingia ndani yake. Ndicho kilichokuwa kinazuia kila kitu. Tukakipinda kwa kibanio na printa ikaanza kuimba. Mchungaji akasema amina.

Na huku kwetu kuna unyevu. Ukungu wa Rungwe unaingia hata mahali ambapo paka hapiti. Kompyuta ikikaa bila kuwashwa, matundu yanaota kutu ya kijani, na kifaa kinatambulika leo na kesho kinakataliwa. Kuna mama mmoja mchuma chai alikuja na flashi ya mwanawe iliyolowa mvua mfukoni, akaamua kuikausha juu ya jiko la mkaa. Alinipa kitu kilichojikunja kama kipande cha ndizi. Nilimpa pole, sikuwa na kingine cha kumpa.

Haya ni mambo ya kuchekesha na ningeweza kuwasimulia mpaka jua lizame. Lakini ninalotaka mlijue hasa linamhusu baba mkwe wangu. Jina lake sitaliandika, maana kwetu mke wa mtoto halitaji jina la baba mkwe, na mimi sijalitaja mpaka leo ingawa ameshalala kaburini.

Wengi wenu mmekulia mjini, kwa hiyo niwaelezeni nilivyolelewa mimi. Kwetu Unyakyusani mwanamke akiolewa anamtila baba mkwe wake. Kutila ni kumwogopa na kumheshimu kwa pamoja. Hamtazamani usoni, hamsemezani, hamkai chumba kimoja. Ukimwona njiani unajifunika kanga na kuingia migombani mpaka apite. Tulikuwa Wakristo, na kanisani wachungaji walishasema mambo hayo yamepitwa. Baba mkwe mwenyewe, tata kama wanawe walivyomwita kwa Kinyakyusa, alikuwa mzee wa kanisa. Lakini kuna kitu unaambiwa ukiwa msichana mdogo, na kinakaa mwilini hata kama kichwa kimeshakubali mahubiri. Nilisikia mambo ya kutisha yanayowapata watoto wa mwanamke aliyemvunjia baba mkwe heshima. Nilikuwa na watoto. Sikutaka kujaribu.

Nikisikia kikohozi chake langoni, mwili wangu ulikuwa unaondoka kabla mimi sijaamua kuondoka. Alikuwa anakohoa makusudi, kwa wema, ili nipate nafasi. Na akitaka kuniambia jambo, alimwambia mama mkwe kwa sauti: "Mwambie mkweo chai ya leo ilikuwa nzuri." Mimi nipo jikoni nasikia kila neno, na mama mkwe anakuja hata hivyo kunirudilia maneno yale yale, huku anacheka mpaka machozi. Kama mama mkwe hayupo, baba mkwe alisema na kuku. "Enyi kuku, mvua inakuja, nani ataanua nguo?" Basi naanua nguo. Tuliishi hivyo vizuri kabisa, miaka mingi, na nilimpenda yule mzee bila kuujua uso wake vizuri.

Shemeji yangu Asajile, mdogo wa mume wangu, alikuwa mmoja wa waliopunguzwa kazi. Ukoo ukachanga, wakaamua kufungua steshenari kwenye sebule ya nyumba ya baba mkwe, pale Makandana, chumba kinachotazama barabara. Kaka yao mkubwa aliyekuwa Dar akatuma vipande vya kompyuta mpya. Nani wa kuvifunga? Fundi alikuwa ndani ya ukoo. Ila fundi huyo hakuweza kukaa kwenye nyumba ile mzee akiwepo.

Tulipanga siku ambayo mzee ana kikao kanisani. Nikaenda, nikafunga kila kitu kwa utulivu, Asajile akinishikia tochi na kuniuliza maswali yasiyoisha. Zilikuwa zimebaki waya za matundu ya mbele tu, zile zinazochomekwa kwenye safu mbili za pini za mazabodi, bodi kuu ya ndani. Mvua ikaanza, ile mvua yetu isiyobembelezeka, na kikao kikavunjika mapema. Nikasikia kikohozi langoni. Nikaacha bisibisi mezani na kukimbilia chumba cha pili.

Baba mkwe akaingia, akavua koti, akaketi kwenye kiti chake mlangoni ili aone kompyuta inavyofungwa. Ilikuwa nyumba yake, mvua ilikuwa inanyesha, angeenda wapi? Mimi nikawa nyuma ya ukuta. Nyumba ile haikuwa na dari, ukuta uliishia chini ya paa, kwa hiyo sauti ilipita juu. Wateja walikuwa wameshaambiwa waje kesho yake. Asajile akaita, "Shemeji, niambie tu, nitaziweka mimi."

Siku hizi waya hizo zinakuja zimekusanywa kwenye kichwa kimoja, ukikosea hazikubali kuingia. Wakati ule kila waya ilikuja peke yake. Nyekundu inapeleka umeme, nyeusi inaurudisha, nyeupe na kijani zinabeba mazungumzo kati ya kompyuta na kifaa. Ukibadilisha nyeupe na kijani, kifaa hakitatambulika, na hilo ni tatizo la kawaida tu, unarekebisha. Ukibadilisha nyekundu na nyeusi, kifaa kinapelekewa umeme kinyumenyume na kinakufa, wala kompyuta haikwambii kitu. Inakaa kimya.

Nikapaza sauti juu ya ukuta, mvua inapiga bati. "Anzia pini ya mwisho upande wako wa kushoto! Weka nyekundu, halafu nyeupe, halafu kijani, halafu nyeusi! Safu zote mbili hivyo hivyo!"

"Kushoto nyekundu!"

"Ndiyo!"

Nikamsikia baba mkwe akimwambia mwanawe, "Mwambie fundi asiharakishe, mvua bado ipo." Aliniita fundi. Nilifurahi pale nyuma ya ukuta kama msichana aliyesifiwa na mwalimu.

"Tayari, shemeji! Nafunga boksi!"

Leo ningemuuliza, pini isiyokuwepo iko upande gani? Kwenye zile safu kuna nafasi moja tupu, na hiyo ndiyo inayokwambia mwanzo ni wapi na mwisho ni wapi, hata ukiligeuza boksi vipi. Muulizane swali hilo kila mara. Siku ile kompyuta iliwaka, ikachapa, printa yao ilikuwa ile ya waya mnene wa zamani, kipanya na kibodi vilikuwa vya mkia wa duara, vyote havitumii matundu hayo, na hakuna mtu aliyekuwa na flashi. Matundu ya mbele yakakaa bila kazi. Sote tukasahau kwamba yapo.

Mama mkwe alifariki msimu wa mahindi mabichi. Aliugua kifua muda mfupi tu, akaondoka. Siwezi kuandika sana juu yake. Nyumba ilinyamaza. Baba mkwe hakuwa tena na mtu wa kumwambia "mwambie mkweo," na hakusema na kuku. Nilikuwa napeleka chakula, nakiweka mezani, natoka, nasikia kiti kikisogezwa, nasikia kijiko. Wakati mwingine sikusikia kijiko, na nikija kuchukua vyombo nakuta chakula kama nilivyokiacha.

Alikuwa anatafuta picha yake. Mama mkwe hakupenda kupigwa picha, na ile moja ya ndoa yao iliharibiwa na bati lililovuja, ikabaki karatasi yenye madoa. Asajile alituambia kwamba baba anatoa masanduku yote, anayapekua, anayarudisha, anayatoa tena. Siku moja alimwambia mwanawe kwamba ameanza kusahau mdomo wake ulivyokuwa akicheka. Asajile aliponisimulia hilo nililia pale kibandani mbele ya wateja.

Kisha ikajulikana kwamba binti wa yule kaka wa Dar, alipokuja huku kwenye harusi, alimpiga bibi yake picha moja kwa ile kamera mpya isiyotumia filamu, bibi akiwa hana habari. Kamera ilishapotea, lakini kabla ya hapo binti alikuwa ameihamishia picha kwenye flashi. Ilikuwa hiyo moja tu, na haikuwepo mahali pengine popote. Wakaituma kwa basi, imefungwa kwenye leso. Baba mkwe aliipokea mwenyewe stendi, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Hakukubali mtu aishike. Alikuwa hana simu, alizikataa, na hakujua kompyuta, lakini alikuwa amemwona Asajile akifanya kazi.

Asubuhi iliyofuata Asajile alikuja kwenye kibanda changu kununua karatasi nzuri za kuchapia picha. Alikuwa na furaha. Akanunua, akakunja, akasema akiwa anaondoka, "Ila shemeji, uje siku moja uitazame kompyuta yetu. Siku hizi haitambui flashi."

"Inaandika nini?"

"Haiandiki kitu. Ya mwalimu mmoja ilikufa, nikajua ni flashi mbovu hizi za Kariakoo. Juzi ya mama mmoja wa kikundi cha ndizi nayo ikafa. Nilipoichomoa ilikuwa ya moto, nikaitupa mezani."

Nikaweka chini nilichokuwa nimeshika. "Ulizichomeka wapi?"

"Pale mbele. Ndipo panapofikika."

Nilimuuliza, na nilijua ninachouliza, "Asajile, siku ile ya mvua, boksi lilikuwa limetazama wapi ulipokuwa unaweka zile waya?"

Akafikiri. "Niliuelekeza mgongo wake kwangu. Kulikuwa na giza, ukungu ule, nikaligeuza lipate mwanga wa dirisha."

Kushoto kwangu, nyuma ya ukuta, kulikuwa kushoto kwa boksi nililoliacha mimi. Kushoto kwake kulikuwa upande mwingine. Alikuwa ameweka kila waya kama nilivyomwambia, kuanzia upande usiotakiwa, nyekundu mahali pa nyeusi.

"Baba yuko wapi?"

"Nyumbani. Nimemwacha mbele ya kompyuta, imewaka. Anasema anataka kuichomeka mwenyewe."

"Anajua pa kuchomeka?"

Uso wake ukaanza kubadilika. "Nimemwonyesha," akasema. "Pale mbele."

Nikachukua mkoba na kukimbia. Sikufunga kibanda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, udongo unateleza, nikavua viatu na kuvishika mkononi. Asajile alikuwa mtu mzito, nilimsikia nyuma yangu akiita, kisha sikumsikia. Watu walinisimamisha kuuliza kuna msiba gani, sikuwajibu. Nimeogopa mambo mengi maishani, nimeogopa radi na nimeogopa kujifungua, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kwenye njia ile. Niliona kila hatua ninayopiga ni muda anaofungua kifungo cha shati. Niliona akiichomeka, akisubiri, akisubiri bila kujua kwamba hakuna tena kitu cha kusubiri. Na mkono wake ungekuwa ndio ulioiua. Nani angemwambia?

Nilifika kwenye uzio nikasimama chini ya dirisha la sebule. Lilikuwa wazi. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, mgongo kwangu. Leso ilikuwa mezani, imefunguliwa. Kifuniko cha flashi kilikuwa juu ya leso. Alikuwa ameinama, anaipapasa sehemu ya mbele ya boksi kwa kidole, na mkono wa kulia umeishika flashi taratibu, akitafuta upande unaoingia.

Mama mkwe hakuwepo wa kunisemea. Asajile hakuwa amefika. Sikuwa na kuku. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka, wala sikujua tena ninaogopa lipi, umeme wa pale mbele au yule mzee aliyenipa mgongo. Niliwaza watoto wangu. Nikaona ncha ya flashi ikigusa tundu.

"Tata! Usichomeke hapo!"

Mkono wake ukasimama. Hakugeuka. Mabega yake yalipanda kidogo yakabaki juu, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Nilijishika mdomo. Nilitaka kujifunika na kukimbilia migombani, na miguu ilishaanza kugeuka.

Akaisogeza flashi mbali na boksi. Bado ananipa mgongo, akasema kwa sauti ndogo:

"Basi nichomeke wapi, mwanangu?"

Sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake ikija kwangu. Niliisikia miaka yote ikipita kwa mtu mwingine. Nikataka kumjibu kutoka pale pale dirishani: nyuma, tata, chini ya waya wa kipanya, upande wa kushoto. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Kushoto kwa nani? Nikayameza. Nilizunguka mlangoni nikaingia.

Niliingia nimeinamisha kichwa, kanga imefunika uso mpaka machoni. Yeye akageuza kiti akatazama ukuta. Akaunyoosha mkono nyuma yake, kiganja wazi, flashi iko katikati. Niliichukua. Vidole vyangu viligusa kiganja chake, kilikuwa kimelowa jasho. Naye alikuwa anaogopa.

Sikuichomeka. Nawaambia tena, sikuichomeka. Niliiweka juu ya leso, nikazima kompyuta, nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikafungua boksi na kuweka pua. Harufu ilikuwepo, kwa mbali. Nikatazama kwa tochi: nyekundu zilikuwa zimekaa pembeni mwa ile nafasi tupu, mahali pa nyeusi. Nikazichomoa waya zote za mbele, nikazifunga na uzi zisiguse kitu. Kisha nikabonyeza kitufe cha kuwashia wakati waya wa umeme bado umechomolewa, nikakishikilia, ili umeme uliojificha ndani utoke wote. Mazabodi iliyopata shoti wakati mwingine hujifungia matundu yake yote kwa hofu, na dawa yake ni kuiacha itulie. Tukaiacha itulie. Chumba kizima mimi na yeye, nikisikia anavyopumua.

Nikawasha. Nikatoa kafara yenye uzi mwekundu, nikaichomeka nyuma. Hakuna kitu. Kisha chini pembeni mwa kioo cha kompyuta pakatokea maandishi, kifaa kipya kimeonekana, na baada ya muda kidogo yakabadilika kuwa kiko tayari. Nikaipapasa kafara: baridi. Nikaiacha hapo nikiomba Mungu, nikaipapasa tena. Baridi bado. Asajile alikuwa amefika mlangoni, anahema, anatutazama mmoja mmoja na hathubutu kuingia.

Nikaitoa kafara, nikaichomeka ya mzee. Mkono wangu haukutaka kuiachia. Maandishi yakatokea haraka kuliko ya kwanza. Ndani kulikuwa na kitu kimoja tu, nikakibonyeza.

Alitokea mama mkwe wangu akiwa ameshika sufuria, kilemba kimelegea, ameangua kicheko kwa jambo lililosemwa na mtu asiyeonekana. Mdomo wake ulikuwa wazi kabisa na jino la pembeni linaonekana.

"Tayari," nikasema, sijui nilimwambia nani.

Nikasikia kiti kikigeuka. Nikarudi nyuma upesi, nikaivuta kanga, nikaanza kuelekea mlangoni huku nimeinama. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama yeye. Aliinua mkono, si kwa kunizuia, ni kama mtu anayeomba nafasi ya kusema kwenye kikao.

"Usitoke kwanza, mwanangu," akasema. "Ni mdogo hapo. Nionyeshe namna ya kumkuza."